Malkia Zerina Alipopanda Ufipa Mara ya Pili

Enzi zetu, mtu akifa katika sinema alikuwa hafi moja kwa moja. Alilala kidogo, mkanda ukabadilishwa, akaamka. Ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami huku Ufipa mnajua ninachosema. Najua pia kwamba ndevu zangu bado hazijaota vizuri na tayari nasema "enzi zetu", na jambo hilo limenisumbua siku kadhaa kabla sijashika kalamu. Lakini kama si sisi, nani atasimulia?

Mnakumbuka gari la sinema lilipofika Sumbawanga mara ya kwanza? Upepo wa kipupwe ulikuwa ukikata masikio. Tulikaa chini, wawili wawili ndani ya blanketi moja linalonuka moshi, mifukoni tuna mahindi ya kukaanga, tukitazama shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili karibu na boma. Mzee Feruzi, mkalimani wa gari lile, alisimama kando na kipaza sauti, tarabushi yake nyekundu imekaa upande. Yeye ndiye aliyetutafsiria kila neno la *Malkia wa Milima Saba*, na yale ambayo hakuyasikia vizuri aliyatunga.

Filamu ile ilihusu malkia wa zamani sana, Zerina, aliyeulinda mji wake dhidi ya jeshi la wavamizi. Mara mshale ukampata langoni. Askari wakambeba juu ya ngao. Mama zetu walilia kilio cha msibani hasa, wengine wakajifunga kanga viunoni. Mashine ikazimwa, mkanda ukabadilishwa, na taa ilipowaka tena tukamwona Malkia Zerina yuleyule juu ya farasi mweupe, anavuka mto mbele ya jeshi lake, anacheka!

Uwanja mzima ulimgeukia Mzee Feruzi. Akaisukuma tarabushi yake upande wa pili. Kisha kipaza sauti kikakoroma: "Siku ya tatu, Malkia akafufuka!"

Vigelegele vya usiku ule sijavisikia tena hata harusini. Jumapili iliyofuata padre alihubiri kwa ukali juu ya watu wanaochanganya mambo ya Mungu na mambo ya shuka. Tuliinamisha vichwa. Tulipotoka nje, wazee walikwenda kwenye pombe ya ulezi kubishana kama farasi naye alifufuka au alikuwa mwingine.

Kabla gari halijaondoka, Mzee Feruzi alituahidi kwamba sehemu ya pili inakuja. Tukaingoja. Vumbi lolote lililotimka barabarani tulilikimbilia, tukakuta ni lori la chumvi. Wakati tunangoja tulijitengenezea sinema yetu wenyewe. Nje ya kijiji lilikuwepo tanuri la kale la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu mzima, lililoachwa na mababu, na hilo ndilo lilikuwa ngome ya Zerina. Mishale tulitengeneza kwa mabua. Sheria yetu ilikuwa moja: ukichomwa unalala, wenzako wanalia, mtu anahesabu mpaka tatu, unaamka. Abdalla, mtoto wa mwenye duka, alikuwa hodari wa kufa. Alikufa hata pale ambapo hakuna aliyemgusa.

Masika yaliyofuata mama yangu alijifungua mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili, na majirani waliomtembelea waliongea kwa sauti za chini. Baba aliuliza mtoto aitwe nani.

"Zerina," mama akasema.

"Jina la sinema?"

"Jina la aliyelala akaamka."

Padre alimbatiza Maria. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita Maria. Na kweli mtoto alinyanyuka, akanenepa, akawa mtundu wa kuparamia ngome yetu kabla hajajua kutamka jina lake. Akiugua homa, mama alimwosha kwa maji ya vuguvugu na kumwambia, "Wewe si wa kulala, wewe." Homa ikaondoka. Niambieni nani angethubutu kubishana na jina kama hilo.

Miaka ikapita, nikaenda kusoma chuoni Kampala. Huko nikakutana tena na *Malkia wa Milima Saba*, safari hii katika ukumbi wenye viti. Nikawaambia wenzangu wakae chonjo, kuna jambo kubwa mwishoni. Malkia akavuka mto mapema sana, nikashangaa. Mshale ukampata. Wakambeba. Taa zikawaka, watu wakaanza kutoka. Mimi nimekaa.

"Twende," jirani yangu akasema.

"Bado."

"Bado nini? Amekufa."

"Atafufuka."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Muhula mzima waliniita Bado. Lakini kicheko chao sicho kilichoniuma. Kilichoniuma ni kuelewa kwamba masanduku ya mikanda yalichanganyika katika zile barabara mbovu za kupandia kwetu, na kwamba mdogo wangu ameishi kwa jina la mtu aliyekufa kabisa. Niliporudi nyumbani sikusema neno. Kila asubuhi nikawa namtazama Zerina kama bado anakula uji vizuri.

Basi mwaka huu, ninapongoja kupangiwa kazi, Abdalla akasimamisha lori la baba yake mbele ya nyumba yetu na kupiga honi kama mtu aliyebeba harusi. "Msomi! Acha vitabu! Malkia wako anakuja! Sehemu ya pili! Nimelipita gari la sinema njiani, na Mzee Feruzi yumo!"

Zerina alirukaruka. Nami moyo ulirukaruka, nisiwadanganye. Nilitamani kukimbilia barabarani bila viatu. Kisha nikauliza inaitwaje.

"*Mrithi wa Milima Saba*."

Mrithi! Anayerithiwa ni marehemu. Nikaona tayari mambo yote: shuka jeupe, kaburi, mama mbele ya watu wote wa kwetu Katandala na wa vijiji vya jirani. Nikamfuata mama uani, alikokuwa akipeta ulezi.

"Mama, hilo neno mrithi, umelifikiria?"

"Nilifikirie nini? Baba yako alirithi shamba babu yako akiwa hai, tena anakunywa pombe."

"Lakini kuna sinema nyingine watu hufa kabisa."

"Hata nje ya sinema wanakufa kabisa, mwanangu. Shika ungo."

Nikashika ungo. Kila nilipofungua kinywa makapi yaliingia.

Jioni ya sinema, watu walikuja palepale karibu na boma kwa malori, wengine kutoka kijiji cha mbali cha Kate. Tulikwenda mapema mama, Zerina na mimi, na mkeka wetu. Lakini watoto wa siku hizi, jamani! Wanataka kukaa juu ya viti. Wamevaa suruali zilizobana miguu, wana tochi, wanaulizana kama picha itakuwa ya rangi. Enzi zetu tulishukuru hata kwa nondo waliopita mbele ya mwanga, tukawashangilia.

Sasa niseme juu ya filamu yenyewe, maana wengi mmeniuliza. Ni nzuri! Ni nzuri kupita nilivyothubutu kutumaini. Vita vya darajani ni vya kukumbukwa: tembo wanavunja lango, na mawe yalipoporomoka safu nzima ya watazamaji wa mbele ilirudi nyuma ikatukalia miguuni. Muziki unaingia mifupani. Kasoro zipo. Huyo Mrithi, mwana wa malkia, ni msafi mno. Anapigana siku nzima na nguo yake haina doa. Mashauri ya ikuluni ni marefu, ingawa Mzee Feruzi aliyafupisha vizuri: "Wanashauriana." Baada ya muda: "Bado wanashauriana."

Ila filamu inaanza kaburini. Ndiyo, jiwe kubwa, na Mrithi amepiga magoti. Nilishika mkeka kwa mikono yote miwili. Mzee Feruzi, tarabushi ileile sasa imepauka, alisema polepole, "Hili ni kaburi la Malkia Zerina." Sikuweza kumtazama mama. Mzee akavuta pumzi. "Limefungwa. Yumo au hayumo, mimi sijaambiwa."

"Hayumo huyo!" mama mmoja akapiga kelele. "Endelea, mzee!"

Uwanja ukacheka, na tangu hapo kila farasi aliyetokea, watu walinyanyuka kutazama amepandwa na nani. Mama alinyanyuka kila mara. Kila alipokaa tena, alimvuta Zerina karibu zaidi. Nikahesabu maneno ya kumfariji, nikayapanga, nikayapangua.

Karibu na mwisho Mrithi amejeruhiwa, amelala hemani. Picha ikaanza kutikisika pembeni, kama unavyotazama kitu kupitia moshi wa jikoni. Ukungu ukafunguka. Farasi mweupe akatoka, na juu yake Malkia Zerina, anacheka!

"Yule! Yule!" Mzee Feruzi akasahau kutafsiri. "Si niliwaambia?"

Watu wote walikuwa wima. Vigelegele, mbinja, wanawake wanakumbatiana. Mama alikuwa ameinua mikono yote miwili na machozi yanamtiririka. Hapo kijana mmoja wa shule nyuma yetu akasema kwa sauti ya kujua sana, "Mbona anaota tu huyo? Ni ndoto."

Nilimgeukia. Mimi, mwenye shahada, niliyeona kwa macho yangu ile picha ikitikisika! "Nyamaza wewe! Ulikuwa wapi sisi tulipokuwa tunalia hapa? Usituharibie malkia wetu!" Kisha nikageuka mbele na kupiga kelele kuliko Abdalla, na Abdalla alikuwa amepanda juu ya lori lake.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mama alitangulia na wanawake wenzake, wanaimba. Zerina alitembea nami, mkeka kichwani.

"Kaka."

"Naam."

"Ile ilikuwa ndoto, eh?"

Nikaanza kumweleza kwamba jambo hilo lina pande mbili, kwamba ukilitazama kwa makini...

"Kaka, najua. Picha ilitikisika. Malkia amekufa. Nilijua tangu pale kaburini."

Nikasimama. "Na wewe? Hukuumia?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jiwe linasikia njaa. "Mimi? Mimi si nipo?" Akauweka mkeka sawa kichwani. "Ila mama usimwambie."

Tukaendelea kutembea. Nimewacheka watoto wa siku hizi hapo juu, na kuhusu viti sitabadili neno. Lakini enzi zetu tuliyaamini yote, hivyo hatukuwa na kazi. Kuamini hakuna uzito. Hawa wanaona mambo yalivyo tangu mkanda wa kwanza, wanajua nani amekufa na nani anaota, kisha wananyamaza, wanapunguza mwendo gizani, ili mama zao wafike nyumbani wakiwa bado wanaimba.