Ngabo na Chupa ya Mpaka

Ngabo anaweza kuandika jina lake tu, lakini marehemu mume wangu Kanyamibwa hakupima shamba lolote pande za Kashuga bila yeye. Mume wangu alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo. Yeye alishika daftari na GPS, Ngabo alishika kamba ya kupimia, panga na jembe. Katika kila kona ya shamba walizika chupa ya bia iliyojaa makaa, mdomo chini, iwe alama ya mpaka, kwa sababu makaa hayaozi. Mume wangu akaandika namba za mahali pale, na Ngabo akakanyaga udongo mpaka ukaonekana kama haujaguswa. Walifanya hivyo miaka ishirini na sita. Ngabo hakuwahi kumwambia mtu chupa ya nani iko wapi, hata akiwa amelewa, na kila sikukuu Ngabo hulewa vizuri.

Ana mbwa wawili wa kuwinda, na majina yao ni majibu kwa majirani: mmoja anaitwa Watasema, mwingine Nyamaza. Akiwaita asubuhi mlimani, wasengenyaji hufikiri anawasema wao. Hawakosei.

Mwaka jana Papa Gisubizo, katibu wa kamati ya kapela, kanisa letu dogo, alisimama baada ya misa akasema mbele ya watu wote kwamba Kanyamibwa alisogeza mpaka na kula hatua arobaini za pori la kapela. Mume wangu alikuwa na miaka minne kaburini. Watoto wangu watano wanabeba jina lake. Nilisimama palepale.

"Papa Gisubizo, Jumamosi tunaenda kutafuta chupa. Nawe utakuja na macho yako."

Nilitoa daftari sandukuni. Rafiki yangu Kyakimwa, mwenye duka la vitambaa kule Mpofi, aliingiza zile namba katika telefone yake. Jumamosi tulipanda kupitia porini, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Matope yalifika juu ya mabuti. Kyakimwa aliteleza, akakaa chini kabisa.

"Dada, mimi nauzisha vitambaa, siuzishe miguu!"

Papa Gisubizo alikuwa amevaa viatu vya misa. "Telefone ya duka njo itatuonyesha mupaka ya kapela?"

"Papa," Ngabo akamwambia, "ukianguka, shika mukia ya Nyamaza. Yeye hana maneno mingi."

Pembeni mwa pori kulikuwa na muyenzi mkubwa, mti ule wenye utomvu mweupe ambao huku kwetu kila mtu huupanda mpakani. Wafanyakazi wangu walikuwa wakilima hadi hapo. Nilikwenda moja kwa moja chini yake. "Chimbeni hapa," nikasema.

Ngabo alinitazama, akawatazama mbwa wake, akachimba. Alichimba mpaka magotini. Tuliona mizizi tu.

"Chupa imekimbia?" Papa Gisubizo akauliza.

Kyakimwa alikuwa akiifuta telefone kwa kitenge. "Dada, hii telefone haitaki hapa. Iko inasema chini, kule mu maharagi yako."

"Imelowa," nikasema.

"Haijalowa. Njo weye umelowa."

Tukashuka. Mbwa walitangulia, wakikanyaga maharagwe yangu bila aibu. Telefone ilisema hapa, kisha pale, ikatuzungusha kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Ngabo alichoka kuingoja. Alisogea hatua mbili kushoto, akapiga jembe mara moja, akapiga tena, na tukasikia kioo. Chupa ya kijani, mdomo chini, makaa yamejaa.

Papa Gisubizo aligeuka, akahesabu kwa kidole hadi kwenye muyenzi. "Basi nilisema kweli. Arobaini."

"Ulisema kweli juu ya hatua," nikamjibu, "si juu ya Kanyamibwa. Chupa iko alipoiweka, na daftari linasema hivyo."

"Na muti? Ulitembea?"

Tulimgeukia Ngabo. Alikuwa akimkuna Watasema sikioni. "Mimi nilizika chupa," akasema. "Sikupanda muti."

Ndipo nilipoutazama ule mti tena, na nikakumbuka. Mwaka mume wangu alipougua nilinunua ndama, nikamfunga pembeni mwa pori penye majani mazuri. Kigingi nilikikata kwenye ua wa muyenzi wa nyumbani, nikakipigilia kwa jiwe. Ndama tulimuuza, kigingi kikabaki. Kijiti cha muyenzi kikichomekwa ardhini hushika mizizi. Baada ya mazishi, wafanyakazi wapya waliuona muyenzi, wakadhani ni mpaka, wakalima hadi hapo.

"Ngabo, ulijua?"

"Nilijua, Mama. Niliona ule ndama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mbele ya watu kama Mama njo alipanda? Nilingojea uulize."

Ningeweza kuwatupia wafanyakazi kosa lile. Papa Gisubizo angeamini, na Ngabo angenyamaza hadi kaburini. Lakini chupa ilikuwa imelisafisha jina la mume wangu, na sikukubali kulipaka uongo siku ileile.

"Papa Gisubizo, muti ule niliupanda mimi, kwa kufunga ndama. Hatua arobaini ni za kapela. Nitavuna maharagwe haya, halafu hamtaona tena jembe langu likivuka chupa. Nawe kesho, baada ya misa, utasimama pale uliposimama na kulisafisha jina la Kanyamibwa. Nitasimama kando yako, niseme kosa langu."

Alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa tena vya misa. "Nitasimama, Mama," akasema. Na alisimama.

Ngabo alikuwa ameshairudisha chupa na kukanyaga udongo. Panga lake lilikuwa tayari kwenye muyenzi. Kyakimwa alipotupa tawi moja kichakani, Ngabo alimkemea.

"Mama, okota! Hii muti ukiitupa ovyo, kesho iko mupaka ya muntu."

Tuliburuta matawi yote hadi uani kwangu. Yalikuwa mabichi, yakakataa kuwaka. Wiki mbili nzima Ngabo alikuja kila asubuhi na mbwa wake kuyageuza, moja moja, kuona kama kuna lililoanza kushika mizizi.