Udongo Uliochimbwa Jana

Harufu ya jani la nyanya hainiachi nitulie. Juzi sokoni Mwigobero muuzaji alipukusa majani, ikanipanda kichwani, nikaacha nyanya nilizokwisha kulipia nikaondoka. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Tulikaa Bunda, mama, mimi na wadogo zangu. Chumba cha uani alipanga Bwana Mushi, msomi wa mambo ya kale. Wiki nzima alikuwa porini akichimbua vigae na mifupa ya watu wa zamani. Jumamosi akirudi, eti kupumzika, anachimba bustani! Kaptula, redio juu ya ndoo, mluzi. Matuta aliyapimaga kwa kamba, pembe nne kama meza, na wadudu wa nyanya anawafagia kwa brashi. Mama alichekaga: "Bwana Mushi, ukioa, na mke utampima kwa kamba?"

"Mama Nyabise, mkono ukishazoea haujui sikukuu."

Miaka ile sabuni ilikuwa haionekani, tulifulia majani ya mpapai. Balozi wetu wa nyumba kumi, Wambura, akamuuzia mama katoni ya sabuni kwa mlango wa nyuma, akaiuze kijijini Mugeta. Mara ukaja msako wa walanguzi. Mama akaingiwa na hofu, akaifukia bustanini. Shamba la msomi nani atalipekua?

Kesho yake, Jumamosi, mgambo hao, Wambura mbele. Zile kamba za matuta ziliwatia wazimu, mkubwa wao akafoka:

"Pembe nne hivi ni za mchicha? Acha uongo! Fukueni yote!"

Jembe likapiga nyanya, harufu ya majani ikajaa uani. Bwana Mushi akapiga kelele kama amekatwa yeye.

"Jamani, msiniharibie! Udongo wenyewe unasema. Tazameni, hapa haujaguswa. Na hapa haujaguswa." Akapiga magoti, akawa anakwangua kwa mwiko wake wa kazini, uso umechangamka kabisa. "Ila hapa, mnaona rangi zilivyochanganyika? Hapa pamechimbwa jana!"

Halafu akamwona mama, akaanza kurudisha udongo kwa viganja. Mgambo wakamsukuma, wakaitoa katoni.

Mama walimpeleka Musoma, akafungwa. Alirudi na kifua kilichomfikisha kaburini. Mimi shule niliishia la nne, nikabeba dagaa. Bwana Mushi alituletea mboga kila Jumapili mpaka alipohamishwa. Nilimwaga mchicha wake barabarani, naye anaangalia. Biashara ilipofunguliwa, Wambura akafungua duka la jumla, sabuni mpaka darini, watu wanamwamkia.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jibu la mama siku ile. Mgambo alimuuliza, "Nani kakuuzia?" Wambura kasimama pale pale, mikono nyuma. Mama akasema, "Nimeokota." Nilimwona mjinga, nikamkasirikia hata alipokuwa gerezani. Mpaka nilipopata wangu wa kuwalisha ndipo nikaelewa: unga wa mtaa wetu aligawaga Wambura. Mama alikuwa anatuachia chakula. Na kweli, tulikula.

Sasa wadogo zangu wamekua, unga tunajinunulia. Jibu la swali lile natoa mimi: ni Wambura.