Kisahani Alichokiacha Kuwabara

Kwa karibu miaka miwili, mzee Kuwabara Teizo alikula chakula chake cha mchana kwa Mama Hatsue, na kwa muda wote huo hakugusa achari hata mara moja. Wali aliumaliza mpaka punje ya mwisho. Supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, aliinywa mpaka akaona ua lililochorwa kwenye kitako cha bakuli. Samaki alimla akabakisha mifupa mitupu, ungedhani paka kapita. Lakini kile kisahani cha pembeni, chenye vipande vitatu vya tango na kimoja cha biringanya, alikiacha vilevile kilivyoletwa. Na hapa kwetu Kokura, jamani, kumwachia mpishi achari yake ni kumtukana bila kufungua mdomo.

Mkahawa wenyewe si wa kujivunia. Una viti sita kwenye kaunta, pazia la buluu lililopauka mlangoni, na televisheni juu ya friji ambayo hakuna anayeitazama. Hapaulizwi unataka nini. Ukikaa, sinia linakuja. Jumatatu ni vibua wa kuchoma, Jumanne ni vibua wa kuchoma, na ukithubutu kuuliza Jumatano kuna nini, Mama Hatsue atakukazia macho mpaka ujute kuzaliwa na ulimi. Watu wanarudi kila siku hata hivyo, na sababu yao ni ile achari. Juu ya kaunta kuna kibao kilichoandikwa kwa mkono wa mama mkwe wake, marehemu sasa: PUMBA ZETU, VIZAZI VITATU.

Ni pumba za mchele hizo, zimekandwa kwa maji na chumvi ndani ya chungu, zikachacha, zikawa kitu hai. Unafukia tango leo, kesho unalifukua limekuwa achari. Ila lazima kila siku mkono wa mtu uingie, ugeuze ya chini juu na ya juu chini, na ladha inaufuata mkono huo, ndiyo maana hakuna nyumba mbili zenye ladha moja. Bibi anamwachia mama, mama anamwachia binti. Nyumba ikiungua, mwanamke wa Kokura anatoka amekumbatia chungu kwanza, halafu ndipo anaulizia mume.

Sasa huyu Kuwabara alikuwa fundi wa ile mikeka minene ya sakafuni. Miaka hamsini alishona kwa sindano ndefu kama mkono wa kijiko, mpaka kiganja chake kikaota sugu ya kugongea msumari. Mkewe Fumie alikuwa na chungu cha pumba kilichotoka kwa bibi yake, umri wake miaka tisini na ushee. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Fumie alikunja shati na kuingiza mkono. Kuwabara hakuwahi kukigusa. Kazi yake ilikuwa kula.

Fumie alifariki mwezi wa sita, ghafla, akianika nguo. Kuwabara alikaa siku arobaini na tisa za matanga hajui asubuhi wala jioni, na chungu kilikuwa chini ya sinki kimesahauliwa, katikati ya joto la mvua za kiangazi. Siku alipokikumbuka alifunua kifuniko akakuta utando mweupe umetanda juu, na harufu ya kutoa machozi. Akasema, basi, zimeoza. Akazitia kwenye mfuko, na Jumanne, siku ya takataka, akazipeleka kwenye kona ya barabara pamoja na maganda.

Wiki hiyohiyo akaja Sumiko, mdogo wake Fumie, kutoka Moji, ameshika ndoo yake ndogo ili amegewe pumba za dada. Za kwake zilikuwa zimepotea miaka mingi nyuma alipohama nyumba, na alikuwa akila za Fumie. Kuwabara akamwambia alichofanya.

"Weupe?" Sumiko aliuliza. "Weupe ndio uliokufanya utupe? Ungekwangua juu tu! Chini zilikuwa nzima! Hata mtoto anajua, ukiona weupe unakwangua, unatia chumvi, unakoroga, basi! Umemzika dada yangu mara mbili."

Akaondoka na ndoo yake tupu. Tangu siku hiyo hakumwita tena shemeji. Kadi za mwaka mpya zilikuja zimeandikwa "Bwana Kuwabara Teizo", kama zinazotoka benki.

Hiyo ndiyo sababu ya kile kisahani. Mtu aliyeua chungu chake, Kuwabara alijiambia, ana haki gani ya kufaidi cha mwenzake? Alikuwa akikitazama, anatazama kibao cha vizazi vitatu, anashusha pumzi, anaondoka. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa sita wa mwaka huu ikafika kumbukumbu ya miaka miwili, na kadi ikaja kutoka Moji: "Nitakuja Jumapili. Nitakula chochote kilichopo. Sumiko." Kuwabara aliisoma mara nane. Mtu mwenye umri wa miaka sabini na sita hana ndugu wa kuchezea. Hakuwa na mtoto, na Sumiko ndiye mtu pekee duniani ambaye angeweza kukaa naye wakamtaja Fumie. Jumapili ikienda vibaya, hakutakuwa na kadi nyingine. Akaamua atakwenda kuomba.

Alhamisi hiyo alikula taratibu kupita kawaida. Kando yake alikaa Ogata, dereva wa teksi, mwenye tumbo lililotangulia na mdomo usio na breki.

"Mzee Kuwabara, wewe na hiyo achari mna kesi gani?" alisema Ogata. "Kama hamtaki kupatana, nikabidhi mimi niwasuluhishe."

"Ogata," alisema Mama Hatsue bila kugeuka kutoka jikoni, "kidole chako kikigusa kisahani hicho, kesho utakula ndani ya teksi yako."

"Nimeuliza tu, mama."

"Umeuliza umeshiba. Pisha wengine."

Wateja wakapungua mmoja mmoja. Alipotoka wa mwisho, Kuwabara akasimama, akavua kofia, akainama.

"Mama Hatsue, nina ombi."

"Wali umekwisha."

"Si wali. Nakuomba unimegee pumba zako. Kiganja kimoja kinatosha."

Upawa ukamtoka Mama Hatsue mkononi. Mwanamke ambaye huwafukuza walevi kwa nyusi tu, alipauka uso mbele ya mzee wa watu.

"Kwa hiyo leo ndiyo leo," alisema. "Miaka miwili unanitesa kwa kisahani, na leo umekuja kuzidai."

"Kudai nini?"

"Usinifanye mtoto, Kuwabara! Marehemu mkeo alikuambia."

"Aliniambia nini? Mama Hatsue, mimi nimekuja kuomba. Sijui unasema nini."

Mama Hatsue akavuta kiti akakaa. Watu wamekula pale miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumwona Mama Hatsue amekaa.

"Nilikuwa mke mgeni hapa," alianza. "Mwaka wa pili. Mama mkwe akaenda kwenye chemchemi za maji moto kutibu magoti, siku kumi, akaniachia chungu. Mimi kwetu ni mbali, hatuna mambo haya. Kazi zikanizidi, nikasahau kukoroga. Siku ya nane nikafunua nikakuta juu kumekuwa kweupe, kunanuka. Nikadhani zimeoza. Nikazimwaga zote mtoni, nikakiosha chungu kwa maji ya moto."

"Weupe," alisema Kuwabara.

"Weupe tu! Nilipoambiwa baadaye ungekwanguliwa, nilitaka kujitupa mtoni nizifuate. Nikakaa mlango wa nyuma nalia. Fumie akapita na kikapu chake cha sokoni. Akaniuliza, nikamwambia. Hakunicheka. Akaenda kwake, akarudi na beseni limefunikwa kitambaa. Alikuwa amegawa pumba zake nusu kwa nusu. Akaniambia, 'Tia chumvi konzi moja zaidi. Mkweo akirudi atakugombeza kwa chumvi, na akikugombeza kwa chumvi hatauliza jingine.'"

"Akagomba?"

"Siku tatu! Wiki ya pili akasema ladha ya nyumba imerudi kama alipokuwa msichana. Mwaka uliofuata akaandika kile kibao." Mama Hatsue alikitazama kibao kwa chuki na mapenzi. "Fumie aliniahidi hatamwambia mtu. Ulipoanza kuja baada ya msiba, unakula kila kitu unaacha achari, unatazama kibao unashusha pumzi, nikasema, kumbe alimwambia mumewe. Mwenye mali amekuja kunikalia kooni kila mchana."

Kuwabara alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Hakuniambia," alisema. "Miaka thelathini hakuniambia. Mama Hatsue, mimi nilizitupa za kwangu. Niliona weupe. Jumanne, na takataka. Nilikuwa naona aibu kula zako."

Mama Hatsue alimtumbulia macho. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani, akajipiga paja.

"Wajinga wawili!" alisema. "Chungu kimoja kimepata wajinga wawili! Njoo huku. Kunja shati."

Akampeleka jikoni, akafunua chungu cha kahawia kilichofika magotini. Kuwabara alisita. Maisha yake yote hakuwahi kutia mkono mle. Akautia. Juu palikuwa baridi, lakini kadiri mkono ulivyozama ndivyo alivyokuta uvuguvugu, uvuguvugu wa kitu kinachopumua, na nywele zikamsimama. Mikono mingapi imepita humu? Bibi wa Fumie, ambaye hakuwahi kumwona. Mama wa Fumie, aliyemkataa mara mbili alipokuja kuposa. Fumie mwenyewe kila asubuhi, ngozi yake, jasho lake, uhai wake. Mke ambaye Kuwabara alidhani amemtupa kwenye kona ya barabara alikuwa hapa, hatua kumi kutoka kwenye kiti alichokalia kila siku, na yeye alikuwa anampa mgongo.

Vidole vikagusa kitu kigumu chini kabisa.

"Hicho kiache," alisema Mama Hatsue. "Ni chuma, alikitia Fumie, ili biringanya lisipoteze rangi. Sijawahi kukitoa."

Lakini Kuwabara alikuwa ameshakivuta. Kilikuwa kipande cha sindano, nusu ya juu, kimelika kwa kutu mpaka kimekuwa chembamba. Alikipangusa kwa kidole gumba. Tundu lake lilikuwa pana upande mmoja, alilipanua mwenyewe kwa tupa, maana uzi wa katani ulikuwa ukimkatikia. Hakuna fundi mwingine mji mzima aliyefanya hivyo.

"Nilimgombeza kwa hii," alisema. "Sindano ilivunjika, nikataka kipande nikachomelee. Nikamuuliza Fumie kiko wapi. Akasema hajui. Nilimnunia siku mbili."

Alilia hapohapo, mkono umejaa pumba hadi kiwikoni, bila kuona haya. Ajabu ilikuwa kubwa mno kwake. Alikuwa ameishi na mwanamke miaka arobaini na minne, akadhani anamjua, na kumbe mkewe alikuwa akiendelea kuulisha mji mzima kimyakimya. Mama Hatsue akaenda kaunta, akarudi na kile kisahani, akakisukuma kifuani pake.

"Kula."

Akala biringanya kwanza. Ukali wake ulianzia pembeni mwa ulimi, halafu chumvi, halafu ule utamu wa mwisho uliokuja kwa kuchelewa. Alikuwa Fumie. Akala na matango yote.

Mama Hatsue alimgawia nusu kwa nusu, kama alivyogawiwa yeye. Sindano Kuwabara aliirudisha mahali pake. "Mabiringanya yako yatapauka," alisema, "nami nyumbani nina sindano nyingine sitini." Kisha wakaahidiana kutomwambia mtu siri ya kile kibao, na mimi ninayesimulia sitasema nimejuaje.

Ijumaa aliamka alfajiri akakunja shati kabla ya kunawa uso. Jumamosi vilevile. Akatia sindano yake moja, na chumvi konzi moja zaidi, kama marehemu alivyoelekeza.

Jumapili kasisi wa hekaluni alisoma dua za kumbukumbu, akanywa chai, akaondoka. Sumiko alibaki, ameketi wima mbele ya picha ya dada yake, na Kuwabara akamwekea sinia: wali, supu, vibua wa kuchoma, kisahani. Sumiko alikula wali. Akanywa supu. Mwisho akachukua kipande cha biringanya kwa vijiti, akakitia mdomoni kwa adabu tu. Akaacha kutafuna.

"Umezitoa wapi hizi, Bwana Kuwabara?"

"Ni za Fumie."

"Ulizitupa."

"Nilizitupa. Ni za Fumie."

Sumiko alimkazia macho, na Kuwabara hakuyakwepa. Kisha Sumiko akainuka, akaenda jikoni. Kuwabara alisikia kifuniko kikiwekwa sakafuni. Halafu sauti ya pumba zikigeuzwa taratibu, chini juu, chini juu, kama alivyoisikia kila asubuhi kwa miaka arobaini na minne akiwa bado kitandani. Kati yake kulikuwa na kwikwi za mtu anayejizuia.

"Shemeji!" Sumiko aliita kutoka jikoni. "Shemeji, mbona umezidisha chumvi?"

Kuwabara aliitazama picha ya mkewe, akaiinamia kwa shukrani.