Breki za Watani

Gari la wagonjwa la kijiji chetu lilikuwa gari la mashindano. Sisemi kwa utani. Lilikuwa na milango miwili, viti viwili na nusu, rangi ya chungwa bivu, na tumbo lililokuwa likifyeka majani ya katikati ya barabara. Mzungu wa shamba la mkonge alikuwa akishindana nalo, na shamba lilipotaifishwa yeye akaenda zake, gari likabaki. Wilaya ikaona lisije likaozea bure, ikatukabidhi sisi wa huku Vihingo ili litupelekee wagonjwa hospitali ya Kisarawe. Mgonjwa akiwa mrefu ilibidi akunjwe.

Dereva alikuwa mume wangu, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na leseni. Aliwahi kuendesha trekta kule kwenye mkonge. Nami nilikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza uchungu ulinishika nikiwa nimekalishwa kwenye keria ya baiskeli, na nilipofikishwa hospitali mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshakufa. Ndiyo maana gari lile, pamoja na vichekesho vyake, mimi nililipenda kuliko mtu yeyote kijijini.

Siku moja likaanza kulia chuma kila likishikwa breki. Mume wangu akalala chini yake, akatoka na vumbi kichwani, akasema pedi za mbele zimekwisha na gari halitoki mpaka zipatikane nyingine. Tumbo langu lilikuwa limeingia mwezi wa nane.

Kwingine hilo lingekuwa jambo la kwenda dukani. Kwetu liliitishiwa kikao. Na hapa lazima niseme tulivyokuwa. Nusu ya kijiji walikuwa Wazaramo, watu wangu, wenye ardhi. Nusu walikuwa Wanyamwezi walioletwa na mkonge, watu wa mume wangu. Ni watani. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anakwenda kulala kaburini kabla ya maiti, hatoki mpaka apewe chochote, na watu wanacheka huku wanalia. Utani ni kitu kizuri sana msibani. Kwenye breki sikushauri.

Kikao kiliona kwamba kumtuma mtu mmoja ni kuwapa upande mmoja gari zima, kikatuma wawili. Mjomba wangu akaenda Kibaha kwa fundi anayefahamiana naye, akarudi na pedi laini za gari la kawaida, zimekatwa kwa msumeno ili zienee. Baba mkubwa wa mume wangu akaenda mjini, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, akarudi na pedi za mashindano zenyewe, ngumu, nyeusi, zimo ndani ya boksi lake. Muuzaji alikuwa amemweleza tabia yake, naye akaieleza kwa fahari: zikiwa baridi hazishiki, mpaka zipate moto.

"Kwa hiyo mgonjwa akae angoje breki zichemke kama maharage?" mjomba akauliza.

"Za kwako zitashika mteremko wa kwanza," baba mkubwa akamjibu. "Zikishapata moto zinateleza, mgonjwa anakuwa marehemu. Lakini nyinyi Wazaramo kwa ngoma za msiba mnajulikana, hamtakosa kazi."

Watu wakacheka, na walipokwisha kucheka wakaanza kupima. Pedi zilipitishwa mkono kwa mkono. Mmoja alizinusa. Mmoja aling'ata, akatema, akasema hii ina chumvi. Mzee mmoja alinolea kisu chake kwenye pedi ya Gerezani, akaipigia kura hapo hapo. Kijana wa tawi la chama akasimama akasema pedi za mashindano ni kinyume cha siasa yetu, kwa sababu sisi hatushindani, tunashirikiana. Akaulizwa, na gari lenyewe je, si la mashindano? Akafikiri kidogo, akasema gari limekwisha kujirekebisha.

Mume wangu aliomba kusema kama dereva. "Ndugu mwenyekiti, chagueni zozote. Za Kibaha sawa, za Gerezani sawa. Ila ziwe za aina moja magurudumu yote mawili." Akaambiwa hawezi kusikilizwa, kwani kwa kuzaliwa ni wa upande huu na kwa kuoa ni wa upande ule, kwa hiyo hana msimamo.

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti, mtu mpole asiyependa kumwudhi yeyote, akaniambia, "Subiri, mama. Tukimaliza la breki tutafika kwenye mengineyo." Kumbe mimi, niliyekuwa nikingojea kupakiwa ndani ya gari hilo, nilikuwa mengineyo. Nilikasirika mpaka mtoto akajigeuza tumboni.

Uamuzi wa mwenyekiti ulipigiwa makofi na kila mtu. Gurudumu la kushoto lifungwe pedi za Wazaramo, la kulia za Wanyamwezi. Haki bin haki. Mume wangu alizifunga kama alivyoagizwa, akaja nyumbani, akakaa kizingitini na chakula hakukigusa. Nilimwuliza gari litakuwaje. Akasema, "Litakuwa kama sisi tukigombania shuka."

Walilijaribu kwenye uwanja wa mpira. Breki zikiwa baridi gari liliposhikwa lilikwenda kushoto, likaelekea nyumba za Wazaramo, vigelegele vikapigwa. Mume wangu alipozunguka nalo mara kadhaa, pedi za Gerezani zikapata moto, likaanza kwenda kulia kwa Wanyamwezi, nao wakaruka ruka. Nikidhani sasa wameona, mwenyekiti akasema mnaona wenyewe, gari halina upendeleo, asubuhi linakwenda kwenu na mchana linakwenda kwao. Mjomba na baba mkubwa wakapeana mikono. Niliwapenda wote wawili na siku ile ningeweza kuwafunga kwenye magurudumu wao wenyewe.

Uchungu ulinishika asubuhi moja nikiwa napepeta mchele. Nilisindikizwa na kijiji kizima mpaka garini. Mume wangu akakaa kulia, mimi nikakunjwa kushoto, na watani wakafurahi kwamba kila mtu kakaa juu ya gurudumu la kwao.

Mteremko wa kwanza tuliingia majanini kushoto. Mume wangu akaliburuta kulirudisha barabarani kwa usukani, jasho linamtoka. Wa pili tena kushoto, lakini kidogo. Kisha kwa muda gari likanyooka, likashikwa likasimama kama gari la watu wenye akili, na mimi katika uchungu wangu nikasema alhamdulillahi, wamepatana. Hawakudumu. Kwenye mteremko wa mwisho, mapaa ya Kisarawe yakionekana juu ng'ambo ya bonde, pedi za Kibaha zilianza kufuka moshi zikaacha kushika, za Gerezani zikang'ang'ania peke yake. Gari likageuka kulia kwa nguvu zote, likavuka barabara, likapanda matuta ya shamba la mihogo, likasimama. Mume wangu alikuwa ananiita na mimi simjibu, kwa sababu mtoto alikuwa anatoka.

Bibi mwenye shamba alikuja na jembe mkononi, ametoka akitutukana na anataka kuendelea. Aliponiona alitupa jembe, akamsukuma mume wangu kando, akampokea mtoto kwenye kanga yake, pale pale kwenye kiti cha mashindano.

Arobaini yangu ilipokwisha kikao kiliitwa tena. Kila upande ulikuwa unadai gurudumu lake ndilo lililosimamisha gari. Mjomba alisema kama si pedi zake milima ya mwanzo tusingeivuka. Baba mkubwa alisema kama si zake tungekuwa bado tunateremka. Walibishana hadi wakachoka, ndipo mwenyekiti akakumbuka kwamba mimi nilikuwamo. Kwa mara ya kwanza nikapewa nafasi ya kusema, nikasimama, binti yangu kalala mgongoni.

"Mama, tusaidie," mwenyekiti akasema. "Gari lilipokuwa linasimama, ulihisi limeshikwa na gurudumu lipi?"

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa nasikiliza kama mtoto atalia."

Hakuna aliyetania. Mjomba aliinama akawa anazisugua pedi zake zilizoungua kwa kidole gumba, zikimchafua. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyechimba kaburi la yule wa kwanza, alinigeukia.

"Alikawia kulia?" akaniuliza.

"Alikawia," nikamjibu.