Siraji ya Sima Kichwani Mwangu

Ninaisema mwenyewe kabla hamujaisikia kwa wengine, sababu Kalemie yote inaijua na kila muntu anaongeza chumvi yake: ni kweli, mimi Mama Neema, mwenye salon, mimi musukaji wa miaka kumi na minane, nilitembea mbele ya parokia nzima na siraji kichwani, ile ya kungʼarisha sakafu ya sima nyumbani. Chekeni kwanza mumalize.

Ilikuwa sikukuu ya parokia, na wamama wa kikundi chetu wakaamua tuonyeshe namna watu walivyobadilisha nywele na ndevu tangu wakati wa mababu mupaka leo, wapite mumoja mumoja mbele ya kanisa, na kazi wakanipa mimi. Nilifurahi mupaka nikashindwa kula. Sababu mama mukwe wangu angetoka Mpala, kule kando ya ziwa, kuja kuangalia, na huyo mama alikuwa amekataa kabisa mutoto wake wa mwisho, Feza (njo wifi yangu, anakaa kwetu, na anaipenda kazi ya nywele kuliko mimi), asijifunze kwangu.

"Kufunga watu nywele za plastiki, hiyo nayo kazi?" aliniambia. "Mama yangu alikuwa anasukwa siku mbili, anapakaliwa mawese na nkula mupaka kichwa kinakuwa chekundu. Siku utanionyesha kichwa cha vile, Feza nitakupa."

Feza alilia. Mimi nikasema moyoni, mama, utakiona, hata nife.

Basi tukapanga watu wetu: papa mumoja wa ndevu za kufika kifuani kama mapadri wa kwanza, mwingine na mustari wa wembe kwenye nywele na kamustashi kembamba juu ya mudomo kama makarani wa wakati wa Wabelgiji, kisha afro kubwa ya wakati wa Zaire, kisha musichana wa nywele za uzi zilizosimama kila upande, kisha peruki ya leo, nywele za bandia zinazopiga mugongoni. Kichwa cha mababu ndicho kilikosa mwenyewe, kila musichana niliyemuomba alikimbia. Nikasema, haya, tumia changu! Feza akanisuka siku mbili, visuko vidogo vidogo, vyote vinaelekea nyuma, na ushanga kwenye ncha, mupaka usingizi ukanikimbia kwa maumivu. Kazi ilikuwa nzuri, ninaapa.

Ikabaki nkula, ule unga mwekundu wa muti. Ilikuwa inakuja na mutumbwi toka Mpala, ziwa likachafuka, mutumbwi haukufika (mama mukwe yeye alipitia barabara).

"Yaya, tupakae mawese peke yake," Feza akasema, maana ananiita yaya, dada mukubwa. "Watu wataelewa."

Muntu mwenye akili angekubali. Mimi (kichwa ngumu, bwana yangu anajua) nikaona kopo la siraji nyekundu kando ya mulango, nikasema rangi njo ile ile, nani atakuja kuninusa? Nikachanganya na mawese, nikapakaa yote.

Jua la saa tano hapa kwetu munalijua. Wenzangu walipita, watu wakacheka, wakapiga vigelegele, na mimi nikatoka wa mwisho, shingo juu, polepole. Mama mukwe akasimama kwenye kiti chake, mukono mudomoni. Nikasema, nimeshinda! Hapo kitu cha moto kikateremuka kwenye paji la uso, kikafika puani, kikadondoka kwenye kikwembe cheupe nilichojifunga kifuani.

"Damu! Mama Neema anatoka damu!"

Ningekimbia. Lakini ningekimbia, Feza angebaki bila kazi, basi nikajipangusa na mukono na kuendelea, kumbe ninajipakaa uso muzima. Muuguzi mumoja akanishika kiuno, nikamusukuma, "Niache nimalize!" na watu wakazidi kupiga kelele kwamba damu imeingia ubongoni. Mama mukwe akaja mbio analia, "Wameniulia muke wa mutoto yangu!" akanikumbatia, kikwembe chake kipya na changu vyote vikawa vyekundu. Kisha akaniachilia. Akanusa vidole vyake, akanusa kichwa changu.

"Hii si damu," akasema, na sauti yake ilifika mupaka barabarani. "Hii njo siraji ya chini!"

Eeh Mungu wangu! Hata padri alikaa kwenye ngazi kwa kicheko.

Ile siraji ilikataa sabuni, ikakataa mafuta ya taa. Ilibidi kunyoa, na aliyeshika wembe ni mama mukwe mwenyewe, mimi nimepiga magoti mbele yake, kichwa changu mikononi mwake (aibu gani inapita hiyo?). Alikata kisuko cha kwanza, cha pili, kisha wembe ukasimama. Akakipangusa kimoja kwa kidole, akakileta karibu na macho.

"Nani alisuka hivi?"

"Feza, mama."

Akamwita Feza, akamushika mikono yote miwili, akaigeuza, akaanza kulia. "Kesho uende kwa salon," akamwambia. "Na huyu umuchunge."

Sasa wateja wakiingia wananiangalia upara, kisha wanaenda kukaa kwenye kiti cha Feza, na mimi ninamushikia chanuo. Sitapakaa tena kichwa cha muntu kitu nisichojua namna ya kukitoa. Lakini mbele ya lile kanisa nitapita tena, acha nywele ziote tu.