Bipu ya Siku ya Mungu

Mgeni akifika chini ya kilima cha Lukungu, upande wa kijiji cha Wamaza, anaona majani mabichi yametulia vizuri, anasema moyoni hapa ndipo pa kupumzika. Weee! Akanyage aone. Ni kinamasi kitupu. Kinameza mguu mpaka kwenye paja, na kiatu hakirudishi. Emilienne anakiheshimu. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, anavua ndala, anazifunga pamoja na kuzitundika shingoni, anakunja kitenge juu ya magoti, kisha anashika fimbo na kuanza kupima mbele yake. Hapa pagumu. Hapa polepole. Pale kaa mbali kabisa. Simu ameitia kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga ndani ya kilemba chake. Mwili ukizama, kichwa kitabaki, ndivyo anavyojiambia, na anacheka mwenyewe, maana kuogopa peke yako porini kunachosha.

Anakwenda kwa mume wake. Basi, kwa simu ya mume wake. Lwamba alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi wakati binti yao Darlène hajaota jino, na sasa Darlène anateka maji mwenyewe. Kijijini rezo ya simu haifiki. Iko kule juu ya Lukungu tu, na hata huko iko juu ya jiwe moja. Weka simu pale, itashika. Iinue uilete sikioni, imekata. Kwa hiyo watu wanapiga magoti mbele ya jiwe, wanafungua sauti ya nje, na mambo yao ya nyumbani wanayapigia kelele upepo wote usikie.

Inite za kupigia simu ni ghali, basi wawili hao walipatana kubipa. Emilienne anapiga, inalia mara moja, anakata. Lwamba naye anabipa mara moja. Maana yake: niko muzima, sijakusahau. Zamani alikuwa anapiga pia na kusema, hata kidogo. Tangu mavuno ya mpunga yaliyopita, bipu tu. Emilienne akasema moyoni, anajibana ili arudi mapema. Mwanamke akipenda, hakosi maelezo.

Lakini bipu haina sauti, jamani. Haina kule kukohoa kwa Lwamba kabla ya kusema, haina ile "Mama Darlène" anayoivuta mpaka unasahau ulichokasirikia. Emilienne alikuwa ameanza kuisahau sauti hiyo, na jambo hilo lilimtisha kuliko kinamasi. Alijaribu kuikumbuka shambani, ikamjia sauti ya kaka yake. Akaweka jembe chini, akalia.

Wiki hii akampelekea Pitchou wa dukani mchele ambao ungeleta chumvi ya nyumbani, akataka inite. Mama mkwe wake, Mama Consolée, akashika kiuno.

"Inite? Sasa sauti ya mutoto wangu tutaitia mu mboga ya sombe, pahali pa chumvi?"

"Unisamehe, Mama. Nimemukumbuka sana."

"Na miye sikumukumbuka? Miye nilimuzaa!"

Basi leo alikwenda na haraka, na haraka ikamponza. Katikati ya kinamasi alikanyaga bila kupima, akazama mpaka kiunoni. Mama yangu ee! Akalalia fimbo, akashika majani kwa mikono miwili, akajivuta taratibu mpaka matope yakamwachia. Fundo la ndala lilifunguka shingoni, moja ikabaki humo. Akagusa kilemba, simu iko. Akapanda kilima akitiririka maji meusi, ukungu unapita usoni, na kule juu hakuna mtu, ni upepo na jiwe. Upande wa Lusangi misitu ilikuwa imelala mmoja nyuma ya mwingine, hata moshi hakuna.

Akapiga magoti, akaweka simu. Akapiga. Ikalia mara moja, naye hakukata. Ikalia tena.

"Alo?"

Hakuna kikohozi. Emilienne akauliza, "Ni nani anasema?"

"Shemeji? Miye niko Cirhuza, rafiki ya Lwamba. Ee, shemeji, kwa nini haukubipa tu?"

"Baba Darlène iko wapi?"

"Aliingia mu pori ya mbali na wengine, kwenye dahabu mupya. Kule rezo haiko. Aliniachia simu. Aliniambia, siku ya Mungu bibi yangu atabipa, na wewe umubipie. Usimuache na kimya, atalia."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mupunga."

"Na habari yake?"

"Hatujapata. Hakuna mutu alishatoka kule."

Emilienne akatazama jiwe. Siku zote hizo za Mungu alikuwa anateremka akiimba, kumbe anaimbia bipu ya mwanaume asiyemjua hata sura. Hasira ikampanda, halafu akakosa wa kumkasirikia. Lwamba alimfikiria. Hilo lilimwumiza zaidi.

"Shemeji, uko? Nisibipe tena?"

Inite zilikuwa zinakwisha, naye anajua. Alikuwa na maswali ya kujaza kilima, lakini yule aliyekuwa na majibu hakuwa pale.

"Bipa," akasema. "Bipa tu. Mama yake Lwamba iko ananingoja kule chini."

Simu ikakata yenyewe.

Mama Consolée alikuwa amesimama pale kinamasi kinapoishia, na ndoo ya maji safi, kama kila mara. Aliona matope, aliona ndala moja.

"Anasemaje?"

"Amebipa, Mama."

"Na sauti?"

"Rezo ilikatika."

Mzee akamkalisha kwenye gogo, akaanza kumwosha miguu, taratibu, katikati ya vidole, jinsi anavyooshwa mtoto. Aliosha mpaka maji yakawa meusi.

"Ile mupunga yangu, ile niliweka mu dari juu ya moto kwa ajili ya mbegu," akasema bila kuinua macho. "Umupelekee Pitchou, akupe inite. Chumvi tutakula siku ingine. Siku ya Mungu ile inakuja, umupigie mutoto wangu tena. Na ukimupata, umuambie akohoe kwanza, nisikie."

Emilienne akaitika, "Ndiyo, Mama," akamsogezea mguu wa pili.