Saa ya Kompyuta Ilisimama, Nami Nikanyamaza

Nimekosa mimi. Sikulazimishwa, sikusingiziwa, wala sikurogwa. Mdomo wangu huu uliozoea kusema sana, siku ulipotakiwa kusema neno moja, ulijifunga. Jina langu hamtalipata, maana hata mama yangu kule Kambarage, Shinyanga, hajui haya ninayowaambia.

Miaka ya tisini inaelekea ukingoni, nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchenjulia dhahabu nje kidogo ya mji wa Geita. Mwenye kiwanda alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, mzee mpole, ila kwenye dhahabu hana mchezo. Akaamua kufunga kamera thelathini na mbili. Ikabaki swali moja: picha zirekodiwe na nini?

Fundi wetu, mzee Masanja, aliyekuwa akitengeneza redio tangu mimi sijazaliwa, alitaka deki za video. Si hizi za kuangalizia mikanda ya harusi, zile maalumu za kamera, kila moja na saa yake na betri yake ndani. Mkanda ukijaa unaandikwa tarehe, unawekwa kabatini. Mimi nilikuwa nimetoka Mwanza kwenye kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Basi kichwa kimevimba kweli! Nikasema siku hizi kuna programu, unaiweka kwenye kompyuta, kamera zote unaziona kwenye kioo kimoja, hakuna mikanda, na diski ikijaa inajifuta yenyewe na kuanza upya.

Masanja akauliza, umeme ukikatika saa ya kompyuta itakuwaje? Nikamjibu mbele ya bosi kwamba mzee wangu, hizi si redio za mbao. Watu wakacheka. Bosi akachagua kompyuta, nami nikapewa chumba chenye feni.

Haikupita miezi mingi, ile betri ndogo ndani ya kompyuta ikachoka. Umeme ukikatika, saa inasimama. Ukirudi, inaendelea pale ilipoishia, kana kwamba dunia nzima ilikuwa inaisubiri. Ningeomba betri nyingine, lakini ningeombaje Masanja akiwa amekaa pale? Nikawa nairekebisha kwa mkono kila umeme unaporudi, kimya kimya.

Jumanne moja umeme ulikatika asubuhi, masaa mawili kamili. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimetoroka kwa msusi, mtaa wa Kalangalala. Niliporudi nikakuta mlinzi ameshaiwasha kompyuta, picha zinatembea, nikakaa zangu kujitazama kwenye kioo cha mkobani. Saa sikuigusa.

Kesho yake kipande cha dhahabu hakionekani. Myeyushaji wa dhahabu, mwanaume mtu mzima mwenye maneno matamu, alisema alikiacha kwenye droo alipokwenda kula saa sita, akarudi saa nane, na hakutoka tena mpaka jioni. Kwa hiyo mwizi aliingia kati ya saa sita na saa nane, muda ambao ilikuwa marufuku mtu yeyote kukanyaga baraza ya chumba cha kuyeyushia. Bosi akaniambia nitafute kwenye picha.

Nikatafuta, tena kwa madaha! Nikawaonyesha: saa saba na dakika kumi mchana, Mama Kulwa, mfagiaji wetu, anaweka ndoo barazani, anasukuma mlango, anaingia. Bosi hakutaka kuona kingine.

Mama Kulwa alikuwa mjane mwenye mapacha. Ndiye aliyekuwa akiniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kijijini kwao, ameifunga kwenye kanga. Nilipougua malaria, ndiye aliyenifulia nguo zangu nilizotapikia. Akaapa kwamba aliingia saa tisa kama siku zote, na myeyushaji alikuwa amekaa humo humo, hata akanyanyua miguu ili yeye mama apanguse sakafu. Myeyushaji akasema jana huyu mama hakuja kusafisha kabisa.

Bosi akasema, "Binadamu anadanganya. Kompyuta haina shangazi hapa."

Wote wakanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni, wenzangu wameshatoka, jicho langu likaangukia saa ya ukutani. Saa kumi na moja. Nikatazama kompyuta. Saa tisa. Nikairudisha ile picha. Kivuli cha ndoo kilikuwa kirefu, kimelala mpaka ukutani. Saa saba mchana kwetu kivuli kiko chini ya nyayo zako, mchunga ng'ombe yeyote anajua. Ile ilikuwa saa tisa. Mama Kulwa hakuwa amesema uongo hata neno moja.

Mnajua nilifanya nini? Nilirekebisha saa, nikafunga ofisi, nikaenda kula.

Asubuhi Masanja akaja kuniuliza kama niliiangalia saa kabla ya kuonyesha picha. Nikamwambia wivu utamuua. Akainama kwenye kioo, akaiona saa iko sawasawa, akaondoka.

Diski ilikuwa inachukua siku kumi na moja kujaa. Siku kumi na moja! Kila asubuhi nilifungua kuangalia kama ile picha bado ipo. Ilikuwepo, na kivuli chake. Kila asubuhi nilisema nitasema kesho. Ingekuwa mkanda, ungekuwa kabatini mpaka leo na Masanja angeutoa. Siku ya kumi na mbili nikafungua, haipo. Jamani, nilishusha pumzi. Mungu anisamehe, nilishusha pumzi na nikaagiza chai.

Mama Kulwa alishafukuzwa, na habari zilimtangulia kijijini. Kwetu Usukumani mwizi akithibitika anatengwa. Hapewi moto, hachoti maji na wenzake, akisalimia mwangaluka hakuna wa kuitikia, na anayemsaidia anatozwa ng'ombe. Mkutano ukakaa, wakaambiwa mashine ya kizungu imemwona kwa macho yake, shauri likaisha.

Msimu wa mvua Kulwa akashikwa na homa. Mama yake akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba baiskeli ampeleke zahanati. Baiskeli zilikuwepo, zimeegemezwa ukutani, na wenyewe wamekaa hapo hapo wanakula. Akambeba mgongoni. Hawakufika. Kaburi alichimba mama mwenyewe na Doto, yule pacha mwingine wa miaka tisa, pamoja na mzee Masanja aliyekwenda na jembe lake na akatozwa ng'ombe kwa kosa hilo.

Mimi nilikwenda baada ya wiki, kwa kujificha, na viberiti, chumvi na sukari. Msiniite mwema. Nilikwenda kwa sababu usingizi ulinikimbia.

Myeyushaji naye akaacha kazi, akaonekana Nkome na mtumbwi mpya wa injini. Watu wakanong'ona, basi. Hakuna aliyetembea mpaka kijijini kwa Mama Kulwa kunong'ona huko.

Mwaka uliofuata Mama Kulwa akaja kwangu, na michembe kwenye kanga. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikampa kigoda, akakaa chini. Akanishukuru kwa vile viberiti, akasema kati ya watu wote ni mimi peke yangu niliyempa moto. Kisha akaniangalia usoni.

"Mwanangu, wewe umesoma, na ile picha uliiona. Niambie kweli. Siku hizi nawaza labda niliingia saa saba nikasahau. Labda Kulwa nimemuua mwenyewe."

Mlango wa kutubu ulikuwa wazi mbele yangu, tena hakuna bosi, hakuna Masanja, hakuna wa kunicheka. Neno moja tu.

Nikasema, "Ilionyesha saa saba, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akajifunga kanga yake, akanishukuru kwa kutomficha.

Ninyi mnaokabidhiwa mashine, nunueni deki, nunueni kompyuta, shauri yenu. Lakini siku ukijua mashine yako imesema uongo, sema siku hiyo hiyo, mbele ya hao hao uliowatambia. Ukilala na uongo huo usiku mmoja, wa pili ni rahisi zaidi, na mwisho utausema tena uongo ule ule kwa mtu aliyekaa chini mbele yako kuomba ukweli. Nimejaribu, najua.

Masanja hanisalimii tena, na hilo nalistahili. Mama Kulwa ndiye anayenisalimia. Kila siku ya gulio ananiita mwanangu mbele za watu, nami naitikia.